Mwalimu wa cheti, watoto 58 na uji wa mchango: chekechea ya umma inagharimiwa na nani?

*Swali: Mwanangu ana miaka minne na ameanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, katika chekechea ya umma iliyo ndani ya ua wa shule ya msingi ya kijiji chetu, katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Dadake yuko Gredi ya 3 hapo hapo na hatulipi karo, lakini kwa huyu mdogo tunaitishwa shilingi 300 kila muhula, za uji na za kumlipa mama anayemsaidia mwalimu. Jengo ni jipya na kuta zake zimechorwa picha nzuri, ila watoto ni 58, mwalimu aliyeajiriwa ni mmoja, naye ana cheti tu, hana diploma. Kila nikipita nawaona wakicheza na vifuniko vya soda. Nilipomwendea mwalimu mkuu aliniambia kwamba chekechea si yake, niende kaunti. Akademia, yaani shule ya binafsi, iliyo kando ya barabara inaitisha shilingi 4,500 kwa muhula, na watoto wa huko wanafundishwa kwa Kiingereza na kufanya mitihani. Je, serikali haigharimii chekechea? Mwalimu wa cheti anatosha? Nimhamishe mtoto?*

Dada mpendwa, swali lako lina maswali matatu yaliyosukwa pamoja kama ukili, na nadhani ndiyo sababu kila uliyemuuliza amekujibu kipande tu. Unataka kujua fedha zinatoka wapi, unataka kujua kama mwalimu wa mwanao amefunzwa vya kutosha, na chini ya hayo yote unaogopa kwamba mtoto anapoteza mwaka. Niliwahi kuwafunza walimu wa chekechea kwa muda mrefu na kuwatembelea madarasani mwao, na naweza kukuambia mapema kwamba katika mambo yanayokutia wasiwasi, moja ni zito kuliko unavyolichukulia, na mengine mawili ni mepesi zaidi.

Nianze na mwalimu mkuu, kwa sababu huenda ulimwona mkavu wa maneno ilhali alikuambia kweli. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti. Shule za msingi na za upili, pamoja na sera, mitaala na viwango vya elimu, zilibaki Nairobi. Elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto vilipewa kaunti, kwa pamoja na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Kwa hiyo ua mmoja wa shule, wenye lango moja na kengele moja, una serikali mbili ndani yake. Mwalimu wa binti yako wa Gredi ya 3 ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na shule hupokea ruzuku ya kila mwanafunzi kutoka Wizara ya Elimu, ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Ruzuku hiyo haimhesabu mtoto wa PP1. Mwalimu mkuu akichota humo kununua hata kiroba cha unga wa uji wa chekechea, mkaguzi wa hesabu atamuuliza.

Mpasuko huu ni wa zamani kuliko ugatuzi, yaani huko kugawia kaunti kazi na fedha. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, chekechea iliachwa nje. Wazazi waliendelea kumlipa mwalimu wa chekechea kwa michango yao, na wengine, wakiona kwamba darasa la kwanza sasa halina karo, walimweka mtoto nyumbani hadi afike umri wa kulianza. Walimu walikosa mishahara kwa sababu tu ngazi ya juu yao ilikuwa imefanywa kuwa ya bure. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi madarasa ya chini ya miti, vyumba vya kuazima makanisani na madrasani, na walimu waliozoea kulipwa kwa mkupuo wa sarafu. Shilingi 300 unazoitishwa ni mabaki ya mpango huo wa zamani.

Kwa hiyo si kweli kwamba serikali haigharimii chekechea. Inagharimia, lakini kupitia kapu ambalo halina jina la mtoto wako. Katiba inaagiza kwamba kaunti zote 47 zipate kwa jumla mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 mgao huo ulikuwa takriban shilingi bilioni 385. Fedha hizo hufika kwa kaunti zikiwa zimechanganyika. Ni gavana na bunge la kaunti wanaoamua ngapi ziende hospitalini, ngapi barabarani, ngapi visimani na ngapi kwa chekechea. Ndiyo maana jamaa yako wa kaunti jirani anaweza kukuambia kwamba kwao kuna maziwa na walimu wawili kwa darasa, nawe ukadhani anakudanganya.

Sasa niombe subira yako kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la fumbo uliloliona kwa macho yako bila kuliita fumbo: jengo jipya lenye picha ukutani, na ndani yake mwalimu mmoja kwa watoto 58. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa miradi ya maendeleo. Kanuni zake za mwaka 2015 nazo zinaweka kikomo: mishahara na marupurupu ya wafanyakazi wa kaunti yasizidi asilimia 35 ya mapato yake. Zote mbili ni kanuni nzuri, na bila hizo fedha za umma zingeliwa na mishahara ya ofisini. Lakini tazama zinavyofanya kazi zikifika kwenye chekechea. Darasa la matofali ni maendeleo. Linaingia katika ile asilimia 30, linajengwa mara moja, lina siku ya kukata utepe, na jina la aliyelifungua huandikwa karibu na mlango. Mwalimu ni mshahara. Anaingia katika ile asilimia 35 pamoja na madaktari na wauguzi wa kaunti nzima, na akiajiriwa leo atalipwa kila mwezi mpaka astaafu. Kaunti iliyokwisha kugusa kikomo haiwezi kumwajiri hata kama ina nia. Ikijitahidi, humpa kandarasi ya mwaka mmoja au miwili kwa malipo madogo, na mgao kutoka Hazina Kuu ukichelewa, malipo hayo nayo huchelewa.

Ndiyo sababu mimi sihesabu madarasa ninapoambiwa kwamba kaunti fulani imefanya makubwa katika chekechea. Nauliza imeajiri walimu wangapi kwa masharti ya kudumu, na wangapi kati ya waliokuwapo miaka mitatu iliyopita wapo bado.

Kuhusu shilingi 300 zenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo, na Sheria ya Elimu ya Chekechea ya mwaka 2021 imetamka kwamba elimu hii ni haki ya kila mtoto, ya bure na ya lazima. Hata hivyo sheria ya 2013 imeacha mlango mdogo: michango mingine inaweza kukusanywa ikiwa imeidhinishwa na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mtoto asifukuzwe kwa kushindwa kulipa, na kila anayelipa apewe risiti rasmi. Basi una haki ya kuuliza kibali kiko wapi na risiti yako iko wapi, na una haki ya kugoma mtoto akirudishwa nyumbani. Ningekusihi tu usianze kwa kuzuia fedha za uji. Mtoto wa miaka minne aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu bila kifungua kinywa hafundishiki saa nne, awe na mwalimu wa cheti au profesa. Mchango wa chakula ukiwa mdogo, wazi na wenye risiti, si lazima uwe uovu; jijini Nairobi, katika mpango wa Dishi na County ulioanzishwa mwaka 2023, mzazi hutoa shilingi 5 kwa kila mlo na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na mshirika wake.

Mchango wa kumlipa msaidizi ni shauri jingine. Hapo wazazi mnafanya kazi ya kaunti.

Tuje kwa mwalimu. Neno "cheti tu" linahitaji kufunguliwa, kwa sababu vyeti vya chekechea katika nchi hii havilingani. Mwaka 1984 kilianzishwa kituo cha taifa cha elimu ya chekechea, NACECE, chini ya taasisi ya mitaala, kikafuatiwa na vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE. Mafunzo yao yalichukua miaka miwili na yalitolewa kazini: mwalimu alifundisha muhula mzima, likizo ikifika akaingia chuoni, kisha akarudi darasani akifuatwa na mkufunzi aliyekaa nyuma ya watoto na daftari lake. Mwanamke aliyepata cheti kwa njia hiyo amefunzwa, na amefunzwa vizuri. Baadaye vyuo vya binafsi viliota kama uyoga, vingine vizuri, vingine vikiuza karatasi baada ya miezi michache ya kunakili vijitabu. Mtaala wa umilisi (CBC), unaotazama kile mtoto anachoweza kufanya, ulipoenea, mafunzo nayo yakabadilishwa: tangu mwaka 2021 kuna diploma mpya ya ualimu wa chekechea, ya miaka mitatu, inayodai alama ya wastani ya C katika mtihani wa kidato cha nne.

Nakubali kwamba diploma ndiyo iwe shabaha. Lakini diploma inajibu swali la mwalimu alisoma nini kabla ya kuanza kazi, na kwako wewe swali kubwa zaidi ni anapata msaada gani sasa. Mfano ulio karibu nawe ni Programu ya Chekechea ya Madrasa, iliyoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 chini ya Bi Swafiya Said kwa ufadhili wa Wakfu wa Aga Khan, kisha ikavuka hadi Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wengi wao wasio na elimu ya juu. Walifunzwa kwa miezi, wakatembelewa darasani mara kwa mara, wakatengeneza vifaa kwa vifuu, makombe ya pwani na makuti. Watafiti walipowalinganisha watoto wao na watoto wa chekechea nyingine za Afrika Mashariki, na pia na watoto wasiokwenda chekechea kabisa, waliwakuta mbele katika vipimo vya kufikiri. Aliyemfunza mwalimu hakumtupa baada ya kumpa cheti. Hilo ndilo ninalolitilia uzito.

Kwa hiyo usimuulize mwalimu wa mwanao kama ana diploma. Muulize, kwa adabu na faraghani, kama amesajiliwa na TSC, kwa maana sheria hairuhusu mtu kufundisha bila usajili huo. Mtihani wake ulitolewa na nani. Mara ya mwisho kuhudhuria mafunzo ya mtaala wa umilisi ilikuwa lini. Na ni nani huja kumtazama akifundisha. Jibu la swali la mwisho likiwa "hakuna, tangu mwaka juzi", umepata kasoro halisi, na kasoro hiyo si ya mwalimu.

Ukiulizia mshahara wake utaona pia jinsi fedha na viwango vya mafunzo vinavyofungana. Mwalimu akijilipia diploma kwa mkopo wa chama, halafu akaendelea kulipwa sawa na alivyolipwa akiwa na cheti kwa sababu kandarasi yake haitambui ngazi, hatakaa. Atatafuta kazi penye malipo, na darasa litampata mwingine asiye na uzoefu. Kupandisha kiwango cha masomo bila kupandisha malipo ni njia ya hakika ya kumfunza mwalimu kwa faida ya mwajiri mwingine.

Vile vifuniko vya soda navyo nataka kuvitetea. Siku moja nilikaa kwenye mkeka karibu na mvulana wa rika la mwanao aliyekuwa amejisifu kwamba anajua kuhesabu hadi ishirini, na kweli aliimba hadi ishirini bila kukosea. Mwalimu akampangia vifuniko saba kwa mstari na kumwambia ahesabu kwa kugusa. Kidole kilikimbia, mdomo ukachelewa, akafika mwisho wa mstari akisema "tano". Mwalimu hakumsahihisha. Alimpa kikopo, akamwambia atie kifuniko kimoja kila anapotaja namba moja. Mara ya tatu akafika saba. Ndipo mwalimu akafunika vitatu kwa kiganja na kuuliza vimejificha vingapi, na yule mtoto akatazama vinne vilivyobaki, akanyamaza, akainua vidole vitatu. Hilo ni somo la kutoa, kabla ya alama ya kutoa. Mtoto aliyefundishwa kukariri namba hadi hamsini kwa Kiingereza, huku hajui kwamba namba moja ni ya kitu kimoja, atakwama mbele, na wazazi watasema hesabu ni ngumu.

Lugha ni vivyo hivyo. Mtaala wetu wenyewe unataka mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya eneo lake, iwe Kiswahili, Kiduruma au Kigiriama, kwa sababu mtoto hujifunza kusoma kwa kuunganisha sauti na maneno anayoyajua tayari. Kiingereza kitakuja, na kitaingia kwa wepesi zaidi kwa mtoto anayeweza kusimulia kisa kizima katika lugha ya mamake. Mtihani wa karatasi kwa mtoto wa miaka minne hupima kama anaweza kuketi na kushika penseli. Wala hauhitajiki kwa kuingia Gredi ya 1, kwani sheria ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumtahini mtoto ili kumpokea.

Lakini watoto 58, dada, hapo sitakufariji. Chukua asubuhi yenye urefu wa saa tatu, ugawe dakika zake kwa vichwa hivyo: kila mtoto ana dakika tatu za macho ya mwalimu wake, na hiyo ni kabla ya kumtoa aliyejikojolea, kumtenganisha aliyemng'ata mwenzake na kuusubiri uji upoe. Lile zoezi la vifuniko nililokusimulia lilichukua karibu dakika kumi. Katika darasa hilo mwalimu mwenye diploma atarudi kwenye kuimbisha kwa pamoja, kwa sababu hana njia nyingine. Ndiyo maana, kama mna nguvu ya kudai jambo moja tu mwaka huu, nawashauri mdai mwalimu wa pili aliyefunzwa, kabla ya diploma ya huyu wa kwanza.

Na akademia? Hesabu yake ni shilingi 13,500 kwa mwaka, bila sare, viatu na michango yake ya pembeni. Sisemi usiende. Nenda siku ambayo hawakutarajii, saa nne asubuhi, uombe kuketi darasani nusu saa. Ukikuta watoto ishirini, mwalimu aliyesajiliwa, watoto wanaongea na kugusa vitu, na kama fedha hizo hazitatoka kwenye chakula cha nyumbani, basi mahali hapo panaweza kumfaa kuliko alipo, na sitakulaumu. Ukikuta watoto arobaini ndani ya mabati wakinakili ubaoni kimya, ujue unalipia sare na lafudhi. Akademia nyingi za bei ya chini huwalipa walimu wao kwa kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, na mara nyingi mwalimu wa huko ana mafunzo machache kuliko huyu wa cheti unayemkimbia. Uliza usajili wa shule, na uliza wa mwalimu.

Kuna hali ambazo hazingoji kulinganisha. Mtoto akichapwa, jambo ambalo sheria imelipiga marufuku, au choo kikiwa ni shimo pana ambalo mtoto wa miaka minne anaweza kutumbukia, au watoto wakiachwa kutoka langoni peke yao, mwondoe kwanza, kisha ulalamike. Na ikiwa hofu yako kuhusu kupoteza mwaka inatokana na mtoto mwenyewe, yaani hasemi sentensi fupi zinazoeleweka na watu wasio wa nyumbani, hageuki anapoitwa kwa nyuma, au ameacha kufanya mambo aliyokuwa akiyaweza, hilo halitatatuliwa na shule yoyote kati ya hizo mbili. Mpeleke kliniki akapimwe masikio, na uombe akatazamwe katika kituo cha tathmini ya kielimu, EARC, cha kaunti yenu ndogo. Vituo hivyo vipo kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1980.

Kwa yaliyobaki, mlango wa kwanza ni afisa wa elimu ya chekechea wa kaunti ndogo, nao wa pili ni mwakilishi wa wadi yenu. Msiende mmoja mmoja. Wazazi kumi wenye orodha ya watoto 58, idadi ya walimu na nakala za risiti, au maelezo kwamba hamkupewa risiti, husikilizwa tofauti na mama mmoja mwenye hasira. Angalieni pia kalenda: makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, vikao vya kusikiliza wananchi hufuata, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ombi la mwalimu likifika Agosti litaambiwa lingoje. Likifika kabla ya mwisho wa Februari, wakati kaunti inapoandaa waraka wake wa mikakati ya fedha, bado kuna nafasi ya kuliingiza. Liandikeni kwa nakala mbili, moja muiache ofisini, na ya pili mrudi nayo ikiwa imepigwa muhuri wa tarehe ilipopokelewa.